Saa Iliyotangulia Dakika Kumi na Nne

Siku ya tatu tangu Mzee afe, Inspekta alirudi kiwandani akiongozana na mwanamke mfupi wa miaka sitini na ushei, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba na kisanduku cha chuma mkononi. Mlinzi wa getini alitaka kumpokea mzigo. Mwanamke akausogeza upande wa pili.

"Humu mna mita zangu, baba. Ukiziangusha tutakosana kabla hatujajuana."

Huyo alikuwa Mwalimu. Alifundisha umeme katika chuo cha ufundi kwa miaka thelathini, akastaafu, na jana yake jioni Inspekta alimfuata nyumbani akamkuta anamwagilia mchicha. Maabara ya polisi ilikuwa imejibu kwamba majibu yatachukua wiki sita. Inspekta hakuwa na wiki sita. Alikuwa na mtu mahabusu, na Meneja wa kiwanda alikuwa akimpigia simu asubuhi, mchana na jioni akiuliza mtu huyo atapelekwa mahakamani lini.

Njiani alikuwa amemsimulia Mwalimu yote aliyoyajua. Kiwanda kilishona sare za shule na za wauguzi. Chini kulikuwa na ukumbi wa cherehani. Juu kulikuwa na ofisi, na nyuma ya ofisi chumba alichoishi Mzee, mwenye kiwanda, ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka hata hakuweza kumaliza saa moja bila mashine ya oksijeni. Jumatatu umeme wa mji ulikatika tangu alfajiri, kama ilivyotangazwa wiki iliyotangulia, kiwanda kikaendeshwa kwa jenereta. Kabla ya adhuhuri ile mashine ya oksijeni ikatoa moshi ikafa. Pembeni ya kitanda palikuwa na mtungi wa akiba, umejaa, na spana ya kuufungulia ilikuwa ikining'inia shingoni mwa mtungi siku zote. Siku hiyo haikuwapo. Muuguzi wa Mzee alipekua chumba kizima, akashuka ngazi akipiga kelele, akapanda tena mikono mitupu. Mzee alikata roho akimtazama.

Aliyekamatwa ni Fundi, mwangalizi wa jenereta. Ijumaa iliyotangulia Mzee alimtukana mbele ya watu na kumwambia atafute kazi kwingine. Na Jumatatu, saa tano na nusu, Meneja alimwona kwa macho yake akitoka kibandani kwenye jenereta.

Meneja aliwapokea uani. Alikuwa mtoto pekee wa Mzee, mwanamume wa makamo aliyenyoa ndevu vizuri hata siku za msiba. Umeme wa mji ulikuwa umerudi, na cherehani zilisikika zikinguruma ndani. Hakuwa amefunga kiwanda hata siku moja.

"Ametia maji kwenye dizeli," alisema kabla hajaulizwa. "Anajua umeme ukiyumba mashine ya baba haiwezi kuhimili. Nataka aozee gerezani, Inspekta. Na siku atakayotoka, mimi nitakuwa nimesimama mlangoni namngoja."

"Wewe ni mtu wa injini?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi ni meneja."

"Basi dizeli niachie mimi."

Kibanda kilikuwa nyuma ya jengo. Askari aliyekilinda tangu Jumatatu mchana aliapa kwamba hata paka hajaingia. Mwalimu aliinama kwenye kichujio cha dizeli, kikombe cha kioo kilichoning'inia ubavuni mwa injini, akakimulika kwa tochi. Akachota kidogo kwenye chupa, akaitikisa, akaiacha itulie juu ya dirisha.

"Maji yangekaa chini," alisema. "Unaona kitu?"

"Sioni."

"Hakuna cha kuona. Dizeli ni safi kuliko ninayouziwa mimi. Sasa waambie huko ndani wachomoe kila kitu, wabakize pasi tano tu zikiwaka. Pasi hazina akili, hazitaungua."

Injini iliwashwa. Mwalimu alibana nyaya za mita yake, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu kiasi kwamba Inspekta alianza kusogeza miguu.

"Unasikia sauti hiyo? Inalia nyembamba. Haingurumi, inalia." Akamgeuzia mita. "Umeme hupiga kama mshipa wa damu. Mtu mzima ana mapigo yake, umeme nao una yake. Unatakiwa upige mara hamsini kwa sekunde. Huu unapiga hamsini na saba. Na volti, badala ya mia mbili thelathini, ziko mia mbili sitini na mbili. Jenereta hii ni ya zamani, injini ikikimbia na volti zinapanda nayo."

"Hicho ndicho kilichoua mashine?"

"Polepole. Haikuuawa kwa kishindo, imepikwa. Dakika baada ya dakika, mpaka vitu vya ndani vikashindwa." Alizima injini. "Na kitu kimoja zaidi. Maji kwenye dizeli yangeifanya injini ikohoe, ishuke. Hii ilipandishwa. Injini haijipandishi yenyewe."

Aliinama ubavuni mwa injini, palipokuwa na gavana, kile kifaa kinachoshika mwendo usizidi wala usipungue. Kilikuwa na skrubu moja na nati ya kuikaza. Alisogeza tochi karibu. Kwenye kichwa cha skrubu palikuwa na mstari mwembamba wa buluu, na mwingine kama huo kwenye chuma cha gavana. Ilionekana wazi kwamba mwanzoni mistari hiyo ilikuwa mmoja. Sasa ilikuwa imeachana kwa zaidi ya robo mzunguko.

Inspekta aligusa mstari wa chini, akasugua kidole gumba na cha shahada. Unga laini, unaoteleza.

"Chaki ya cherehani," alisema.

Mwalimu aliinuka. Alizima tochi, akaanza kukunja nyaya zake moja moja, kwa uangalifu mwingi kupita kiasi.

"Kwa nini mtu aweke alama?"

"Ili ajue pa kuirudishia akimaliza. Mtu aliyefundishwa vizuri hagusi skrubu yoyote kabla hajaweka alama."

"Na angeirudisha lini?"

"Angepata nafasi. Wewe ukaweka askari mlangoni."

Waliingia ndani kupitia mlango wa wafanyakazi. Ukutani, karibu na ngazi, palikuwa na mashine ya kugonga kadi za mahudhurio, na saa yake ya duara. Inspekta alikuwa ameizima na kuifungia kwa utepe siku ile ile ya Jumatatu. Mishale ilisimama saa sita kasoro dakika sita.

"Hii ndiyo iliyoninyima usingizi," alisema. "Umeme ulizimwa saa sita kasoro dakika ishirini. Fundi mwenyewe aliizima jenereta aliposikia kelele za Muuguzi, na dakika hiyo hiyo Muuguzi alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Kampuni ya simu imenipa muda. Lakini saa inasema saa sita kasoro sita. Iko mbele dakika kumi na nne. Nilidhani ni mbovu."

Mwalimu alifungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, akacheka kidogo kwa puani.

"Si mbovu. Hii haina betri wala springi. Inahesabu mapigo ya umeme, basi. Hamsini ni sekunde moja. Ukiiletea hamsini na saba, yenyewe inadhani muda unakwenda mbio, nayo inakwenda nao." Alitoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake. "Kila dakika mia moja za kweli, hii itahesabu mia moja na kumi na nne."

Inspekta alimtazama, kisha akaitazama saa.

"Imezidi kumi na nne kamili."

"Basi ilikimbia dakika mia moja kamili. Toa mia moja kwenye saa sita kasoro ishirini."

"Saa nne," Inspekta alisema. "Skrubu iligeuzwa saa nne asubuhi."

"Kama asubuhi saa ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa. Kadi za saa tatu na nusu, walipotoka kunywa chai, zinalingana na daftari la mlinzi." Alikwenda getini kwa hatua ndefu, akarudi na daftari lenyewe. Alilipitia kwa kidole. Fundi alitoka saa nne kasoro dakika ishirini kumpeleka mkewe kliniki. Alirudi saa tano na robo. Mlinzi aliandika na rangi ya gari lililowachukua.

Fundi alikuwa amemwambia hayo tangu siku ya kwanza: kwamba aliporudi aliisikia injini inalia vibaya, akaingia kuitazama, akatoka kufuata vifaa vyake, na hapo ndipo Meneja alipomwona. Inspekta alikuwa ameyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari wa mashaka.

Alimwambia askari mmoja aende kituoni akamlete Fundi. Kisha akachomoa ubaoni kadi za wafanyakazi wa ukumbi, zote ishirini na sita, akazipanga mezani. Chai iliisha saa nne. Kadi ishirini na tano zilikuwa zimegongwa kabla ya saa nne. Moja ilisema saa nne na dakika kumi na moja.

Ilikuwa ya Msimamizi wa ukumbi.

Alikuwa kwenye meza ya kukatia, mwisho kabisa wa ukumbi, mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, futi ya kitambaa imezunguka shingo, kipande cha chaki ya buluu nyuma ya sikio kama seremala anavyoweka penseli. Alipowaona, alinyanyuka. Alimpita Inspekta kwa macho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu aliitika. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naomba Mungu asiwe wewe."

"Mnajuana?" Inspekta aliuliza.

"Darasa la jioni. Miaka miwili. Alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa, na aliwashinda wote. Nilidhani anataka kubadilisha kazi."

Inspekta aliwaamuru wafanyakazi watoke uani. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Alivuta kiti, akamwonyesha Msimamizi akae, akabaki amesimama.

"Huna lazima ya kunijibu. Utakalosema nitaliandika, na litasomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Jumatatu ulichelewa kurudi kutoka chai. Ulikuwa wapi?"

"Chooni."

"Chooni kuna gavana?"

Msimamizi hakutabasamu. "Wenzangu walisemaje kuhusu Jumatatu? Umewauliza?"

"Walisema cherehani zilikimbia kama zimepagawa. Mmoja alivunja sindano tatu."

"Na Mzee alisemaje? Hilo hujauliza. Alimtuma Muuguzi atuambie kwamba leo tumechangamka, anasikia huko juu, tuendelee hivyo hivyo. Alikuwa anasikia kifo chake mwenyewe na anatusifu." Alitoa chaki nyuma ya sikio, akaiweka mezani. "Niliusikia ujumbe ule nikaona haki imeanza kutembea."

"Muuguzi anasema Jumapili ulipanda kumpima Mzee koti."

"Nilipanda."

"Ukashuka na nini?"

Msimamizi alivuta droo ya meza. Inspekta akamshika mkono, akaivuta mwenyewe. Chini ya mabaki ya vitambaa palikuwa na spana ndogo ya shaba, kamba yake bado imefungwa.

"Nilitaka auone ule mtungi umejaa," Msimamizi alisema, "na asiweze kuugusa. Dada yangu naye watu walikuwa wanamwona. Walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyeweza kumgusa."

Aliyaeleza yaliyobaki bila kusukumwa. Dada huyo, mdogo wake, alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda hicho hicho. Miaka minne iliyopita, siku ya jenereta kama Jumatatu hiyo, pasi ilivujisha umeme ikamshika. Ukutani palikuwa na swichi ya usalama, ile inayokata umeme wenyewe pale tu unapovuja. Haikukata. Alishikwa mpaka mtu alipokimbia kuzima jenereta, na alipoachiwa alikuwa ameshakufa. Wiki hiyo Mzee alimwita ofisini. Kulikuwa na karatasi iliyochapwa tayari: marehemu alisimama pekupeku kwenye maji, kinyume cha maelekezo.

"Hakuwa pekupeku. Viatu alivyokuwa navyo ni vyangu, nilimwazima. Mzee akaniambia nisipotia saini niondoke siku hiyo, na mama yangu alikuwa kitandani ananitegemea mimi tu. Nikatia saini. Akanifanya Msimamizi. Kila asubuhi kwa miaka minne nilipanda ngazi zile nikamwambia shikamoo."

"Ungeweza kuja kwetu."

"Na karatasi yenye saini yangu?"

Inspekta aliandika. Kalamu yake ilikwama mara moja, akaitikisa, akaendelea.

"Na Fundi?" aliuliza. "Siku mbili yuko ndani. Meneja anataka aozee huko. Ungemwacha?"

"Ningemwacha." Hakusita hata kidogo. "Nilichagua siku ambayo mkewe ana kliniki, nilijua atatoka na kurudi, na watu watamwona kibandani. Nilisoma umeme kwa sababu moja, Inspekta. Nilitaka nijue kwa nini swichi ile haikukata. Mwaka jana, watu wakiwa kwenye chai, nilifungua bodi ya ukutani. Kuna kipande cha waya kimeiruka swichi, umeme unapita pembeni. Kimefungwa kwa mkono wa Fundi. Naujua ufungaji wake, naona kazi zake kila siku. Mzee alificha, Fundi aliua. Kila mtu alipata wa kwake."

"Mwanangu," Mwalimu alisema, "sikukufundisha haya."

"Ulinifundisha vizuri, Mwalimu. Usijilaumu."

Mwalimu alikwenda kwenye bodi ya meza ya pasi, akafungua skrubu nne, akaondoa kifuniko. Alisimama hapo akitazama ndani. Waya ulikuwapo bado. Miaka minne, na kila siku watu sita walipiga pasi chini yake. Alirudisha kifuniko taratibu na kuzima bodi nzima.

Fundi aliletwa akiwa na pingu, shati la Jumatatu bado mwilini. Inspekta alimfungua mwenyewe. Hakumwomba radhi. Alimuuliza swali moja tu.

"Waya ulioruka swichi ya usalama. Nani aliufunga?"

Fundi alimtazama Msimamizi, akaiona spana mezani, akaelewa. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Mimi," alisema.

"Mzee alikuagiza?"

"Mzee? Mzee alikuwa hospitali, anapasuliwa kifua. Hakuwapo mwezi mzima." Alifuta uso kwa kiganja. "Swichi ilikuwa inakata kila mara, umeme wa jenereta ulikuwa mchafu, kazi inasimama. Meneja akasema niiruke. Nikakataa. Nikamwambia siwezi bila maandishi. Nilidhani ataogopa kuandika."

"Akaandika?"

"Hapo hapo, amesimama. Alipokufa yule binti, Meneja akaniambia mwenye mkono kwenye waya ni mimi, nikisema tunakwenda wote. Mzee aliporudi alikuta maiti na mwana. Akamchagua mwana."

"Karatasi iko wapi?"

"Kibandani. Ndani ya jalada la daftari la zamani la jenereta, nimeibandika na gundi. Sijawahi kuitupa. Kila nikitaka kuitupa mkono unakataa."

Askari alikwenda, akarudi na daftari lililolowa mafuta. Inspekta alichana jalada kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa nusu karatasi, mwandiko wa haraka, saini ndefu yenye mkia. Aliisoma kimya, akampa Mwalimu, Mwalimu akamrudishia.

Msimamizi alikuwa hajasogea. Uso wake haukubadilika, ila mkono uliokuwa juu ya meza ulianza kupapasa kitambaa kama unatafuta ukingo.

"Nilihesabu wawili," alisema. "Kumbe walikuwa watatu."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa, Meneja akaingia, simu mkononi. Alimwona Fundi bila pingu, akasimama.

"Huyu anafanya nini hapa? Amekiri?"

"Njoo hapa karibu," Inspekta alisema. Aliinyoosha ile nusu karatasi juu ya meza ya kukatia, akaishika pembe mbili kwa vidole. "Mwandiko huu siuoni vizuri. Nisaidie kusoma."

Meneja aliinama. Simu yake iliita, akaiacha iite mpaka ikakoma.

"Soma," Msimamizi alisema.

"Mimi sina..."

"Soma kwa sauti. Dada yangu hakusomewa."

Meneja alimtazama Inspekta, akitafuta pa kuegemea. Inspekta alikuwa ameshafungua ukurasa mpya na kuandika tarehe.

"Ruka swichi meza ya pasi," Meneja alisoma, na sauti yake ikapasuka katikati. "Kazi isisimame."